Hina iliyogeuka masizi

Ilikuwa 2014 Tanga, sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, ndo maana waliniita mimi, mpiga picha wa kike. Masharti yalikuwa moja tu, picha zisitoke nje ya familia. Uani walifunga turubai la bluu, lile zito, kutoka ukutani mpaka kwenye mwembe, na jua la saa nane linapiga juu yake, yaani huko chini kila kitu kimeoga bluu ila ukikaa dakika kumi huioni tena, jicho limeshazoea. Kamera nimeiacha oto upande wa rangi. Nikapiga weee, memori kadi ikakaribia kujaa, nikatoka kwenye RAW, yaani picha ghafi inayobeba habari zote za rangi, nikahamia JPEG, ile ndogo iliyobanwa, kama picha arobaini za mwisho ili nafasi itoshe.

Kesho yake nikampelekea mama wa bibi harusi laptop aangalie. Akaangalia tatu tu. "Mwanangu, mbona binti yangu kapauka hivi? Midomo kama ana baridi. Na hii ndo hina ya shangazi yake? Haya si masizi?" Shangazi mwenyewe yupo pembeni kakaa mkekani, amechora mikono ile usiku kucha, hakusema neno. Niliumia sana.

Nikarudi nyumbani, nikafungua Lightroom, programu ya kurekebisha picha, nikachukua kile kidude cha kuchagulia nyeupe nikabonyeza kwenye gauni. Ikawa mbaya zaidi! Sura ikazidi bluu, sikuelewa kabisa. Nikampigia kaka mmoja mwenye studio, picha siwezi kumwonyesha kwa hiyo namweleza kwa mdomo tu, akaniuliza gauni lina rangi gani, nikasema nyeupe, akasema nyeupe ya maziwa au nyeupe ya karatasi? Kumbe lilikuwa la krimu. Programu ukiiambia krimu ndo nyeupe inauondoa ule unjano, na kuondoa unjano ni kuongeza bluu. Akanambia tafuta kiti cha plastiki cheupe, usibonyeze pale panapong'aa maana pameungua hapana habari yoyote, bonyeza ubavuni penye kakivuli.

Nikapata kiti nyuma ya bega la bibi harusi. Nikabonyeza. Slaida ya joto la rangi, ile inayosogeza picha kuelekea bluu au njano, ikaruka kutoka kama 5,000 mpaka juu ya 9,000, na ngozi ikarudi palepale, ile kahawia yake yenye mafuta. Nikazumu mkononi, hina nyekundu ya matofali na piko nyeusi pembeni yake, kila moja na rangi yake, mpaka kijani kidogo cha mshipa unakiona. Bluu ilikuwa imeimeza ile nyekundu yote ikabaki giza.

Sasa zile JPEG, hapo nilihangaika siku mbili. Huko slaida haina hata hizo namba za elfu, ni kutoka hasi 100 mpaka 100, kwa sababu kamera ilishaamua rangi na kutupa vingine. Nikisukuma sana mashavu yanatoka madoa madoa ya njano. Kuna moja bibi yake amekaa ukingoni mwa turubai, nusu uso juani nusu kivulini, ukirekebisha upande huu ule unakuwa chungwa, ikabidi nipake kwa brashi nusu ya kivuli peke yake, polepole. Na kila baada ya muda natoka mlangoni naangalia mkono wangu juani ndo narudi, yule kaka alinisisitiza hilo, maana jicho likikaa kwenye skrini linazoea uongo.

Zilizonishinda kabisa nikazifanya nyeusi na nyeupe. Mama akazikataa zote. "Hina iko wapi humu?" Alikuwa na haki yake. Ila ile ya mikono nilishaisafisha kubwa, akaishika akaisogeza dirishani, akamwita wifi yake. Shangazi akaipokea, akaweka mkono wake kando ya ule wa kwenye picha, akaangalia huku na huku, kisha akaniuliza kama naweza kumtolea na yeye kopi moja.