Bondia wa Leo, Bondia wa Zamani, na Raundi Tatu Zilizoondolewa

Kila linapopita pambano kubwa la ngumi, vijiwe vya kahawa vya hapa Dodoma, hasa vile vya Majengo, hugawanyika makundi mawili ambayo hayajawahi kupatana tangu nianze kuyasikiliza. Wazee hushikilia kwamba bondia wa leo ni misuli na matangazo tu, na kwamba angekutana na Muhammad Ali angeomba taulo litupwe mapema. Vijana hujibu kwamba mabondia wa zamani walikuwa wadogo na wazito wa miguu, na kwamba Tyson Fury, Mwingereza wa uzito wa juu, angewalalia wote kwenye kamba hadi wachoke. “Mzee, wewe pambano lenyewe hukuliona,” kijana husema, na hapo ndipo sauti hupanda.

Kijana ana hoja, ingawa haimfikishi mbali. Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya 8 mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, kwa saa zetu ilikuwa asubuhi, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Wazee wetu walilipata pambano lile kwa redio na magazeti, wakalijaza wenyewe kwa fikra zao, na mikanda ya video waliyoiona miaka mingi baadaye iliwakuta tayari wameshaamua. Hata hivyo, kijana anayemhukumu Joe Louis, bingwa wa uzito wa juu wa zamani, kwa kipande cha sekunde 30 kwenye simu hana ushahidi bora zaidi. Wote wawili wanafanya kosa lile lile la kulinganisha miili, ilhali ninachoona kinafaa kulinganishwa ni masharti ya kazi: bondia huyu alipigana na nani, mara ngapi, na chini ya kanuni zipi.

Kuhusu miili sina ubishi mkubwa. Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yote 49, alikuwa na takribani kilo 85, na leo asingeruhusiwa hata kukaribia orodha ya uzito wa juu bila promota wake kuulizwa kama ana akili timamu. Fury ana urefu wa mita 2.06 na alipanda ulingoni Riyadh mwezi Mei 2024 akiwa na karibu kilo 119. Lakini aliyemshinda usiku ule, Oleksandr Usyk, alikuwa na kilo 101, akamshinda tena Desemba mwaka huo huo. Anayeamini kwamba ukubwa wa mwili unamaliza mjadala inambidi kwanza aeleze mapambano hayo mawili.

Kanuni ndizo zilizobadilika kwa namna ambayo kijiweni haizungumzwi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa la raundi 15. Mwezi Novemba 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, aliangushwa na Ray Mancini katika raundi ya 14 mjini Las Vegas, akafariki siku chache baadaye. WBC, mojawapo ya vyama vinavyotoa ubingwa wa dunia, ikapunguza raundi kuwa 12, na vyama vingine vikafuata kabla muongo ule kwisha. Uamuzi ulikuwa sahihi, na sitamani raundi zile zirudi. Ila raundi hizo tatu zilikuwa mahali ambapo historia nzima ya ngumi iliamuliwa. Mwaka 1941 Billy Conn alikuwa anaongoza kwa alama za waamuzi wawili kati ya watatu, na Joe Louis akamwangusha katika raundi ya 13. Mwaka 1952 Jersey Joe Walcott alikuwa mbele kwa waamuzi wote, na Marciano akamlaza katika raundi ya 13. Mwaka 1981 Thomas Hearns alikuwa mbele kwa majaji wote watatu, na Sugar Ray Leonard akamsimamisha katika raundi ya 14. Kwa kanuni za leo Conn, Walcott na Hearns wangeshuka ulingoni na mikanda ya ubingwa, na Marciano asiyeshindwa asingekuwepo kabisa. Kwa hiyo tunapomsifu bondia wa leo kwa kasi yake ya raundi 12, tukumbuke kwamba anaigawa pumzi yake akijua mwisho uko wapi, kama yule wa zamani alivyoigawa akijua kwamba sehemu ngumu zaidi bado haijafika.

Jambo la pili ni mizani. Zamani mabondia walipima uzito siku ile ile ya pambano; siku hizi wanapima siku moja kabla, wakanywa maji na kula, na wanapopanda ulingoni wengi wamezidi kwa kilo kadhaa kile kilichoandikwa. Jina la uzito ni lile lile, mtu aliyeko ndani yake si yule yule. Ongezeko la mikanda nalipita haraka kwa sababu kila mtu analijua: mwaka 1938 Henry Armstrong alishika ubingwa wa uzito tatu kwa wakati mmoja kulipokuwa na uzito 8 tu, na leo kuna uzito usiopungua 17 na vyama vinne vikubwa.

Ninapokawia ni kwenye idadi ya mapambano. Tarehe 5 Februari 1943 Sugar Ray Robinson alipoteza kwa mara ya kwanza, mbele ya Jake LaMotta aliyemzidi kwa takribani kilo 7. Kabla mwezi ule haujaisha alikuwa ameshapigana tena mara mbili, na pambano la mwisho lilikuwa dhidi ya LaMotta huyo huyo, akashinda. Sasa mtazame Terence Crawford, ambaye kwangu ndiye fundi mkubwa kuliko wote wa kizazi hiki: alimvunja Errol Spence Julai 2023, akampiga Israil Madrimov Agosti 2024, kisha akapanda uzito kumshinda Canelo Álvarez Septemba 2025, pambano ambalo wengi hapa Dodoma tulilitazama asubuhi ya Jumapili kabla ya ibada. Ni mapambano matatu katika miaka miwili na zaidi. Robinson alimaliza kazi yake mwaka 1965 akiwa na mapambano yapatayo 200. Alijifunza akiwa kazini, alishindwa akiwa kazini, na kushindwa hakukumwondolea bei. Leo rekodi isiyo na doa imekuwa bidhaa, na mameneja huilinda kwa kuwachagulia mabondia wao wapinzani.

Hapa lakini hoja ya wazee inapata nyufa. Usyk na Vasiliy Lomachenko nao walipigana mara mamia, ila ni katika ngumi za ridhaa. Ndiyo maana Lomachenko, mwenye dhahabu za Olimpiki za 2008 na 2012, aliweza kuwa bingwa wa dunia katika pambano lake la tatu tu la kulipwa. Shule haikufungwa, ilihamia jengo jingine.

Kwetu Tanzania ninaona jengo hilo limesahauliwa. Titus Simba alileta medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakarudi na shaba kutoka Birmingham mwaka 2022. Wote walitoka ngumi za ridhaa. Lakini kijana mwenye kipaji leo anatamani usiku wa taa na mabango, na simlaumu, maana ridhaa haimlipi nauli. Bondia wa kulipwa Karim Mandonga alijaza kumbi kwa maneno, nami nilicheka kama wengine. Bondia wetu mwingine wa kulipwa, Hassan Mwakinyo, alipomsimamisha Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya 2 huko Birmingham mwaka 2018, tulidhani tumepata njia ya mkato. Miaka minne baadaye Liam Smith alimsimamisha Mwakinyo mjini Liverpool katika raundi ya 4. Umbali kati ya usiku huo na ule wa kwanza, kwa macho yangu, ni umbali wa mapambano magumu ambayo hayakupatikana katikati.

Kijiweni hawaniachi bila kunitaka nitoe jina la mshindi katika mapambano ya kufikirika, basi natoa. Usyk dhidi ya Marciano: Usyk, bila shida. Crawford dhidi ya Robinson katika uzito wa welta (takribani kilo 66), wakipima asubuhi ya pambano: Robinson kwa alama. Usyk dhidi ya Ali wa mwaka 1966 ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa wote wana mita 1.91 na hawaachani sana kwa kilo. Usyk anapigana kwa mkono wa kushoto, na Karl Mildenberger, Mjerumani wa mkono huo huo, alimsumbua Ali mwaka ule mjini Frankfurt hadi raundi ya 12 aliposimamishwa. Kwa raundi 12 nampa Usyk, kwa alama chache sana. Kwa raundi 15 nampa Ali.