Sipro na dawa ya kiungulia: nilivyozipangia zamu

Nilikuwa na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, natumia sipro (ciprofloxacin), antibayotiki ya vidonge. Kijana wa duka la dawa aliniambia "dada, sipro inakwangua tumbo hiyo, we shushia na hii gel ya asidi, hutasikia kitu". Kweli bwana, sikusikia kitu, hata nafuu yenyewe sikuisikia. Mkojo unachoma vilevile, kiuno vilevile, na mimi mtu wa kiungulia cha miaka nikawa naigida ile gel kama mtindi. Shosti akasema hiyo ishakuwa UTI sugu, tafuta sindano. Shangazi naye akaja na maji ya mchele. Kila mtu daktari jamani.

Aliyeniokoa ni mfamasia wa hospitali, mama mtu mzima asiye na haraka. Hata cheti hajakishika akauliza "unaimeza na nini?" Nikamwambia, akaguna. Kumbe zile gel na vile vidonge vya kutafuna vina madini, magnesiamu na alumini, vingine kalsiamu, na yakikutana na sipro tumboni yanaing'ang'ania, utumbo unashindwa kuinyonya, inapita zake hadi chooni. Umeinunua, umeimeza, kwenye damu imeingia kiduchu, wadudu hawafi wanaizoea tu. Na majibu ya kuotesha mkojo, kile kipimo cha maabara cha kuona dawa gani inaua wadudu, yalikuwa yanasema kabisa sipro inawaua, so sindano ya nini? Daktari akaandika dozi upya.

Sharti ni hili: sipro itangulie dawa ya kiungulia kwa masaa mawili angalau, au kama gel ndo imetangulia basi sipro isubiri masaa sita. Hapa ndo nilipojiona nina akili. Sipro yangu mara mbili kwa siku, nikaiweka saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, halafu gel ruksa kuanzia saa 2 hadi saa 6 tu, mchana hivyo na usiku hivyohivyo, rahisi hata kwa asiyejua hesabu. Nikaandika kwa maka pen mlangoni mwa friji.

Sasa kiungulia hakisomi friji. Kinanipanda alasiri na saa 8 za usiku, muda gel ni marufuku. Mchana nilipambana kwa kuacha maharage na kutolala baada ya kula, ila usiku ndo shughuli. Mito miwili haisaidii, inakukunja tumbo kinazidi. Nikakumbuka matofali yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo, nikayavingirisha kanga kuukuu yasikwaruze vigae, nikayapachika chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, chakula cha usiku nikakiwahisha. Baba watoto usiku wa kwanza aliteleza mpaka asubuhi namkuta amejikunja kule miguuni kama paka, analalamika nimemlaza kwenye mteremko wa Kitonga. Ila asidi haikupanda! Nilicheka huku nashukuru.

Halafu maziwa nayo, usimezee sipro maziwa wala mtindi, na vidonge vya kuongeza damu na zinki vina mchezo uleule, vikae mbali. Doksi (doxycycline) na tetra (tetracycline), antibayotiki nazo, pia ni ndugu wa sipro kwenye hili, ila masaa yake muulize anayekupa. Amoksilini, antibayotiki nyingine, haina shida hiyo, ndo maana usishangae jirani kakuambia "mbona mimi nachanganya na napona".

Kuna watakaouliza si ungemeza omeprazoli tu, ile dawa nyingine ya kiungulia. Nilimuuliza yule mama, akasema yenyewe inapunguza asidi bila hayo madini kwa hiyo haiikamati sipro, ila ongea na daktari kwanza, usijiandikie. Mimi gel nilikuwa nayo ndani tayari na hela ilishaisha, vipimo na dozi ya pili vilikula kama elfu thelathini na kitu hivi.

Mkojo nilirudi kupima, safi. Matofali bado yapo, nilipotaka kuyatoa baba watoto akakataa, eti hata yeye siku hizi hapandwi na asidi.