Chupa za Coca-Cola za Rod Serling

Nimerudi jana usiku, miguu imevimba, begi limejaa makaratasi ambayo najua kabisa sitayasoma yote, na mpaka naandika hapa sijatoa kitu humo zaidi ya chupa moja ya soda, ambayo habari zake zinakuja. Siku mbili nzima nilikuwa Ithaca, jimbo la New York, kwenye kongamano la wasomi kuhusu Rod Serling, yule jamaa wa The Twilight Zone, kipindi cha TV cha hadithi za ajabu. Ukimwambia mtu unaenda kongamano la mwandishi wa vipindi vya TV vya zaidi ya miaka sitini iliyopita anakuangalia juu mpaka chini, alafu anauliza, kwani na hicho nacho kinasomewa? Kinasomewa. Watu wamepatia PhD kabisa.

Kwa asiyemjua, Serling kazaliwa Syracuse siku ya Krismasi 1924, kakulia Binghamton ambayo kutoka Ithaca ni kama saa moja kwa gari, kamaliza shule tu kaingia jeshini akawa askari wa miavuli, wakampeleka Ufilipino kupigana na Wajapani, akarudi na jeraha la goti na ndoto mbaya za usiku ambazo hazikumwacha. Baba yake alifariki 1945 yeye bado yuko jeshini. Hilo la baba mliweke pembeni, ntalirudia.

Ithaca kwa sababu ndiko alikofundisha miaka yake ya mwisho. Ithaca College ipo juu kilimani, ukisimama nje unaliona Ziwa Cayuga limelala kule chini refu kama mto uliosimama, na nyaraka zake nyingi zimetunzwa chuoni hapo. Familia yake walikuwa na nyumba ya mapumziko pembeni ya ziwa hilo, na hata kampuni yake ya kutengeneza vipindi aliiita Cayuga. Yaani mtu yuko California anatengeneza pesa lakini jina la kampuni ni la ziwa la kwao.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa kama makongamano yote, beji shingoni, projekta imegoma, mtu mmoja anasoma mada yake kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho bila kuinua kichwa. Nilichoka mapema nisiwadanganye. Na kila aliyesimama alikuwa anaimba wimbo uleule, Serling shujaa, Serling aliyewashinda wadhamini, yaani makampuni yanayolipia vipindi, Serling aliyesema ukweli kwa kuuvalisha nguo za viumbe wa anga. Mpaka kufika saa tano nikawa najiuliza hivi tumekuja kujadili au tumekuja kwenye ibada.

Alafu akapanda dada mmoja, kijana tu, akaongea kuhusu chupa za Coca-Cola, hapo usingizi ukaniruka.

Hadithi yenyewe iko hivi. Agosti 1955 kule Mississippi walimuua Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 aliyetoka Chicago kusalimia ndugu, na waliomuua wakaachiwa na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa wazungu, lilijadiliana kama saa moja tu likamaliza. Serling wakati huo ndo kwanza jina limewaka. Januari ile ya 1955 ilirushwa Patterns, skripti yake ya 72 ya televisheni (sabini na mbili! na watu walisema ametokea ghafla), mchezo wa mabosi wa ofisini wanavyomtafuna mzee mwenzao, ukapendwa hadi ikabidi Februari waigizaji warudi studio waucheze upya mubashara, maana enzi hizo kurudia kipindi ilikuwa sio kubonyeza kitufe. Kwahiyo akawa na nguvu kidogo, akaona aandike kuhusu mji unaomlinda muuaji. Wenye kipindi na wadhamini wao, kampuni ya chuma, wakakubali. Alafu habari ikavuja kwamba hii ni ishu ya Till, barua za hasira zikaanza kumiminika kutoka kwa makundi ya wazungu wa Kusini, na hapo ndipo kalamu nyekundu ilipoingia.

Aliyeuawa akageuzwa mgeni asiyejulikana katokea wapi. Mji ukahamishwa kutoka Kusini ukapelekwa New England, juu kabisa kaskazini. Neno la kuua mtu kwa kundi likafutwa. Na chupa za Coca-Cola zikatolewa kwenye seti, kwa sababu Coca-Cola ni ya Atlanta na mtazamaji akiiona anaweza kuhisi harufu ya Kusini. Chupa ya soda jamani! Serling alikuja kusema baadaye kwamba wangeweza wangeuhamishia ule mchezo Ncha ya Kaskazini, kilichowazuia ni tabu ya mavazi tu. Ukarushwa Aprili 1956 kwa jina la Noon on Doomsday, na haukumuuma mtu yeyote. Miaka miwili baadaye akajaribu tena, mara hii wakamrudisha nyuma mpaka karne ya 19 na aliyeuawa akawa Mmexico.

Ukumbi ulicheka kwenye chupa. Mimi nilicheka pia ila cheko langu lilikatika njiani, maana nilimkumbuka mwenyekiti wangu.

Sijawahi kuandika hii popote. Kuna kipindi nilikuwa naandika igizo la redio la mradi fulani, sitautaja, na kulikuwa na sehemu moja ambayo mwenyekiti wa kijiji anakula hela za kisima. Niliipenda ile sehemu kuliko zote. Wenye hela wakairudisha na maoni ya upole sana, kwamba je, haiwezekani mla hela akawa mfanyabiashara kutoka nje ya kijiji, ili viongozi wasijisikie vibaya. Nikabadilisha usiku uleule. Sikubishana hata kidogo, malipo yakaingia Ijumaa na nikayala vizuri tu. Igizo liliporushwa mama akanipigia, hakuniambia limekuwa zuri wala baya, aliniuliza swali moja, mwanangu, huyo mfanyabiashara aliingiaje kwenye kamati ya maji? Nikamwambia mama mtandao unakatika.

Kwahiyo nilivyosikia mgeni asiyejulikana wa New England nikajua kabisa huyo ni nani. Ni mfanyabiashara wangu.

Ndo maana ule wimbo wa ushujaa ulinikera zaidi mchana. Maana kuna kitu wanakiruka. Septemba 1959, siku chache kabla The Twilight Zone haijaanza kwenye televisheni ya CBS, Serling alihojiwa na mwandishi wa habari Mike Wallace, na dada wa asubuhi alituwekea kipande cha mahojiano. Jamaa kakaa, sigara mkononi, na anakiri wazi kabisa kwamba amechoka kupigana na wadhamini, hataki tena vita, kipindi chake kipya ni hadithi za nusu saa za kuburudisha watu wazima na hakitagusa matatizo ya jamii. Wallace anambana, kwahiyo umeamua kutoandika cha maana? Serling anakwepa kidogo, anajitetea, lakini hajifanyi mtakatifu. Nimekaa na ule uso kichwani siku mbili. Mtu aliyesalimu amri, anajua amesalimu, na anajua kamera inawaka.

Sasa njoo Machi 1960, hata miezi sita haijapita, inarushwa sehemu moja ya hichohicho kipindi kipya, The Monsters Are Due on Maple Street. Mtaa wa kawaida, jioni ya kiangazi, taa zinazimika, magari hayawaki, mtoto mmoja anasema kwenye vitabu vya katuni wavamizi wa anga hutanguliza familia inayofanana na watu. Basi. Majirani waliokuwa wanaazimana vifaa wanaanza kuhesabiana makosa, nani anakesha anaangalia nyota, gari la nani limewaka lenyewe, mpaka bunduki inatoka na jirani anapigwa risasi gizani, ni yeye aliyekuwa ameenda mtaa wa pili kuangalia kama na huko umeme umekatika. Na wale wa anga kweli wapo, wamekaa zao kilimani wanatazama, hawajafanya kitu zaidi ya kuzima taa. Hakuna mdhamini aliyelalamika. Nani angelalamika, chama cha wakazi wa anga?

Wasomi wakiitazama hiyo wanasema unaona, alikuwa anawazuga, mahojiano yalikuwa janja tu. Mimi siamini. Nadhani alisema kweli kwamba amechoka, alafu akakaa kuandika, na kile kitu kikatoka chenyewe kupitia mlango wa nyuma kwa sababu ndani yake hakukuwa na kitu kingine cha kutoka. Hiyo kwangu ni tofauti kubwa. Janja ni ya mtu anayejiamini.

Nilinyoosha mkono nikasema karibu hivyo, kwa Kiingereza changu cha kukosa pumzi, na mwenye kiti akanijibu asante kwa mchango wako kisha akampa kipaza sauti mwingine. Ila mzee aliyekaa pembeni yangu, mstaafu tu na shabiki, hana chuo wala mada, akaninong'oneza kwamba na ukumbuke zipi zilikuwa mbovu. Kweli. Sehemu zote za The Twilight Zone ni 156 na Serling peke yake kaandika 92, ndani ya misimu mitano, anaongea tu kwenye mashine ya kurekodi alafu katibu anachapa, ndo maana saa ingine watu wake wote wanahutubia kwa sauti moja, mwizi anahutubia, mlevi anahutubia, roboti nayo inahutubia. Hakuna mada hata moja iliyowekwa kuhusu zile mbovu. Ningeiomba hiyo ningekaa mbele kabisa.

Usiku walionyesha sehemu nyingine, Walking Distance, ya Oktoba 1959. Nilikuwa nimeiona kwenye simu, kwenye kioo kikubwa ni kitu kingine. Bosi wa matangazo wa New York, miaka 36, kachoka hadi mifupa, anaacha gari gereji anatembea kwa miguu kwenda mji aliozaliwa, anaukuta vilevile kama alivyouacha akiwa mtoto, bembea za farasi zinazunguka, na yeye mwenyewe yuko pale ana miaka kumi na moja. Anamfukuza yule mtoto amwambie afaidi wakati wake, mtoto anaogopa anaanguka kwenye farasi anaumia mguu, na mkubwa naye anaondoka pale anachechemea. Kabla hajaondoka baba yake anamfuata. Baba ambaye alishakufa. Baba ameshajua huyu ni nani, wala hamgombezi, anamwomba taratibu tu arudi alikotoka kwa sababu huku nafasi ni ya mtoto.

Wanasema ile bustani ni Recreation Park ya Binghamton, yenye bembea za farasi ambazo mpaka leo watoto wanapanda bure. Inawezekana. Mimi nilikuwa nawaza kijana wa miaka 20 aliyeko jeshini anapata habari ya baba, alafu miaka kumi na kitu baadaye anajiandikia dakika tano za kuongea naye, na kwenye hizo dakika tano anajiandikia aambiwe aende zake. Hapo hakuna mdhamini wala ujumbe. Nilitoka nje nikasimama na baridi, nikampigia mama, tukaongea mambo ya kuku.

Siku ya pili nusu yake sikuisikiliza. Kulikuwa na mjadala wa haki miliki ambao ungenisinzisha isipokuwa kwa jambo moja, kwamba Serling aliwauzia CBS hisa zake za kipindi akiamini hakitarudisha gharama zake. Hahaha, jamani. Na baadaye akawa anaweka sauti kwenye matangazo ya biashara. Watu wakalitaja hilo kwa aibu kidogo kama unavyomtaja mjomba anayekunywa. Mimi ndo nikazidi kumpenda.

Mchana yule mzee akasema ana gari, anaenda kaburini, kama nataka. Interlaken, kama nusu saa ukifuata ziwa. Serling alifariki Juni 28, 1975, ana miaka 50 tu, baada ya upasuaji wa moyo kule Rochester, na sigara zile alizokuwa anavuta kila wakati wala hazihitaji maelezo. Kaburi tulilitafuta mpaka tukakata tamaa kwa sababu tulikuwa tunatafuta kitu kikubwa, kumbe ni jiwe la bapa la jeshi limelala na nyasi. Jina, cheo, jeshi la Marekani, Vita Kuu ya Pili, tarehe mbili. Neno televisheni halipo. Watu wameacha sarafu juu yake na vidude vidogo vidogo.

Tulikaa kimya. Kwenye begi nilikuwa na chupa ya Coca-Cola niliyonunua njiani, nusu imebaki, na nikaona hii sasa ndo maana yake, nikaitoa nikaisimamisha vizuri pembeni ya jiwe, nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia imekaaje, hata simu nilishaitoa nipige picha.

Mzee akaitazama chupa, akanitazama mimi. Akasema hapa wanakata majani kwa mashine, ukiacha plastiki itasagwa, beba takataka yako kijana.

Nikaibeba. Ipo hapa mezani, gesi imeisha yote.