Siku moja maishani mwangu: nimeshinda na taya la moma

Saa 1 na nusu asubuhi nishafika maabara ya zoolojia (elimu ya wanyama), naleta mezani moma, yule nyoka mnene mwenye sumu, niliyemtoa friza jana ayeyuke. Huyu aligongwa na gari lakini kichwa kimebaki kizima, na kwa kazi yangu hiyo ni bahati kubwa. Navaa glavu na miwani, jino la nyoka aliyekufa bado linachoma jamani.

Saa 2 naanza kuchuna ngozi ya kichwa upande wa kulia. Hapa ndo napopenda kuliko kote, unaanzia pembeni ya mdomo unapandisha nyuma ya jicho na ncha ya bledi, polepole, maana chini yake tu kuna tezi ya sumu na ukizamisha kidogo umeshaitoboa. Ngozi ikitoka unaiona tezi yenyewe na msuli umeifunika, msuli huo ukijikaza unaibana tezi kama mkono unavyokamua tui, sumu inasukumwa kwenye mrija mpaka kwenye jino. Nyuma ya hapo kuna misuli mingine ya kufunga taya, na nyuma kabisa kuna wa kulifungua. Napiga picha kila tabaka kabla sijalikata.

Saa 4 chai na chapati, haraka haraka.

Saa 4 na nusu wanafunzi wanaingia na swali ni lile lile, "madam, kwani taya si linachomoka akimeza?" Halichomoki! Nawaonyesha ule mfupa unaoitwa kwadrati, mrefu, unaning'inia nyuma ya fuvu na kubeba taya la chini, unacheza kwenda nje, alafu nusu mbili za taya la chini hazijaungana mbele, zimefungwa na nyama inayovutika tu. Kwaio mdomo unapanuka bila kitu chochote kuteguka. Na kumeza kwenyewe ni kazi ya misuli ya paa la mdomo, inasogeza mifupa yenye meno upande mmoja mbele, meno yanang'ata panya, inavuta nyuma, alafu upande wa pili nao ivyo ivyo, yaani kichwa kinatembea juu ya chakula mpaka kiishe.

Alafu nashika mfupa wa pterigoidi, mmoja wa ile mifupa ya paa la mdomo, kwa kibano na kuuvuta mbele taratibu, jino lililokuwa limelala kwenye paa la mdomo linasimama lenyewe. Darasa zima kimyaa. Nyoka akiwa hai kuna msuli unaofanya huo mvuto, mfupa unasukuma mfupa mwenzake mpaka maksila, kifupa kidogo kinachobeba jino, kinazunguka.

Saa 8 mchana kaka mmoja analeta kichwa cha swila (kobra) kwenye ndoo, wamemuua shambani muda si mrefu, anataka kukishika anionyeshe. Namwambia kaka yangu usiguse kabisa! Nakigusa kwa koleo refu na taya linajifunga pale pale, kichwa bila mwili. Mishipa ya fahamu inabaki hai muda mrefu tu baada ya kukatwa, na watu wameshang'atwa na vichwa vya namna hii, tafadhali waambieni na watoto.

Saa 10 kimetulia kabisa, nakichuna nikiweke karibu na cha moma. Swila naye ana msuli wa kukamua tezi, lakini sio ule ule. Wake umetokana na tabaka la juu la misuli ya kufunga taya, wa moma umetokana na tabaka la ndani. Familia mbili za nyoka, kila moja imechukua msuli wake ikaupa kazi ile ile, mi hii kitu nikiiona kwa macho yangu nasisimka kila siku.

Saa 11 na nusu nabandika lebo, vichwa vyote viwili vinaingia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi mizoga isioze. Upande wa kushoto wa moma sijaugusa makusudi, nauacha ugande vizuri nifuatilie neva ya trijemino, mshipa wa fahamu unaoendesha misuli yote ya kung'ata.