Kurasa Zilizobaki na Jina Moja

Jumanne, usiku wa manane

Nimemaliza Allegiant, riwaya ya tatu na ya mwisho. Kitabu kiko juu ya mto, na nimekifungua tena mara mbili kuurudia ukurasa uleule, nikidhani labda usingizi umenifanya nisome kisichokuwepo. Kipo. Tris amekufa kweli.

Kama hujasoma riwaya hizi tatu za Veronica Roth na unapanga kuzisoma, ishia hapa, maana siwezi kusema kilichonikaa kooni bila kuutoa mwisho wote nje.

Ilianza na mdogo wangu. Yuko kidato cha tatu, anasoma kuliko sisi wote nyumbani, na ndiye aliyeniletea kitabu cha kwanza, Divergent. Alikuwa amekipata kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, jalada limekunjika kona. "Dada, huyu msichana utampenda," akasema, akaenda zake. Nilimpenda kuanzia ukurasa wa kwanza. Beatrice ameketi kwenye kigoda, mama yake yuko nyuma na mkasi, anamkata nywele mbele ya kioo cha pekee kilichomo nyumbani kwao. Kioo chenyewe kinafichwa nyuma ya ubao wa kusukuma, na kundi lao linamruhusu kusimama mbele yake siku moja tu kila baada ya miezi mitatu, siku hiyo ya nywele. Mama akizubaa kidogo, binti anaiba kujitazama. Msichana wa miaka 16 anaiba kuutazama uso wake mwenyewe! Nilikiweka kitabu kifuani, nikapumua, ndipo nikaendelea.

Chicago anayoishi ni magofu yaliyozungushiwa uzio, na Ziwa Michigan limebaki kinamasi. Watu wamegawanywa makundi matano, kila kundi limeshika tabia moja na kuifanya dini. Ili tuongee vizuri, mimi na mdogo wangu tuliyapa majina yetu. Abnegation, wanaovaa kijivu na kujinyima kila kitu, tukawaita Wajinyimaji. Dauntless, wa nguo nyeusi, wanaorukia treni ikiwa inakwenda, wakawa Majasiri. Erudite Wasomi, Candor Wasemakweli, Amity Wapole. Wiki nzima ilikuwa ni hiyo jikoni, tukimenya vitunguu na kubishana nani angekuwa wapi. Mama tulimpeleka kwa Wajinyimaji bila hata mjadala. Mdogo wangu alitaka Majasiri. Nikamwambia wewe ni Msomi hata ukivaa nyeusi, akanuna mpaka chakula cha usiku.

Beatrice anachagua Majasiri. Anajikata kiganja mbele ya mabakuli matano, damu yake inadondokea kwenye bakuli la makaa, inachemka. Anajiita Tris. Ila siri yake ni kwamba hatoshi ndani ya kundi lolote, ana tabia zaidi ya moja, na kwa hilo anaweza kuuawa. Mimi niliambiwa tangu darasa la tano kwamba ni mtoto mpole, na kila nilipokasirika nikaambiwa sasa umebadilika. Kwa hiyo nilipokutana na kitabu kinachosema hakuna mtu anayeenea kwenye neno moja, nilikishika kwa mikono miwili.

Tena kilijua kuzungumzia kifo. Mwishoni mwa cha kwanza mama yake Tris anajitokeza mbele ya askari ili binti apate kukimbia, na anapigwa risasi. Nililia, lakini sikuona nimeonewa. Kila kitu tulichojua juu ya mama yule, toka siku ya mkasi, kilikuwa kinaelekea pale. Kwenye cha pili, Insurgent, Tris naye anakwenda kujisalimisha kwa Wasomi ili wenzake wasiendelee kufa, na moyoni anadhani anamfuata mama. Analazwa mezani auawe. Hapo mezani ndipo anapogundua kwamba anataka kuishi, kwamba alichokifanya kilikuwa ni huzuni ya mtu aliyefiwa na wazazi wote wawili kwa siku moja, na alikuwa amekivalisha nguo za ushujaa. Niliyapigia mstari kwa penseli maneno ya ukurasa ule. Nina rafiki ambaye ningempa ausome.

Ndiyo maana nimeumia leo.

Vitabu viwili vya kwanza alisimulia Tris peke yake. Hiki cha tatu kila sura ina jina juu, TRIS au TOBIAS, mpenzi wake. Mwanzoni nilifurahi, nilitaka sana kuingia kichwani mwa Tobias. Lakini sauti ni ileile. Mara ngapi nimefika katikati ya sura nimesahau anayesema ni nani, nikarudi juu kutazama jina! Basi jana usiku, nimebakiza kurasa za unene wa kidole, nikazipeperusha kwa kidole gumba kuona zimebaki sura ngapi nilale. TOBIAS. TOBIAS. TOBIAS. Nikarudi nyuma taratibu nikitafuta jina la Tris. Halikuwepo. Nikajua kwa nini safari hii tulipewa wasimulizi wawili: ilibidi abaki mmoja wa kusimulia. Nilikijua kifo chake kutoka kwenye vichwa vya sura, kabla yeye mwenyewe hajafika kwenye mlango ule.

Lakini kifo chenyewe ningekisamehe. Kinachonikera zaidi kilianza mapema.

Nje ya uzio wanakuta kwamba mji wao wote ulikuwa jaribio. Kuna idara ya serikali, imeweka makao yake kwenye ule uwanja wa ndege wa O'Hare, inaangalia vinasaba vya watu na kuwagawa wawili: walio safi na walioharibika. Tobias anaambiwa yeye ni wa walioharibika, na mwanamume ambaye tangu kitabu cha kwanza alikuwa mwamba anapasuka kwa sababu ya karatasi ya majibu ya vipimo. Najua mwandishi alitaka kutuonyesha kwamba ubaguzi ni uleule, umebadili jina tu. Nimeielewa. Ila ameyaleta haya yote kwa haraka, kwa maelezo ya watu waliosimama kwenye korido, na yale makundi matano tuliyobishania jikoni yamekuwa kitu cha kupita.

Halafu ile dawa ya kusahau. Chicago inakaribia kuingia vitani wenyewe kwa wenyewe, na idara inapanga kuwamwagia watu wote dawa ya kuwafuta kumbukumbu ili jaribio lianze upya. Tris na wenzake wanakasirika, na mimi nikakasirika pamoja nao. Mtu ukimwondolea kila anachokikumbuka, jina la mwanawe, ugomvi wake na dada yake, umemwachia nini? Kisha wanakaa kikao, na mpango wanaotoka nao ni huu: dawa hiyohiyo waifungulie pale idarani, wasahau wao kwanza. Nilidhani kuna mtu atasimama aseme hapana. Nikafungua ukurasa, nikafungua mwingine. Wanagusia kidogo kwamba ni jambo zito, wanaendelea na mipango. Walinzi, watu wa maabara, yeyote aliyekuwa anapita kwenye korido saa hiyo, wote wanafutwa, na kitabu kinalihesabu hilo kuwa ushindi. Hakuna sura hata moja ya mtu aliyeamka asimjue mkewe. Riwaya iliyonifundisha kwamba mtu hatoshi kwenye neno moja imemaliza kwa kuwachukua watu wa jengo zima na kuwaita adui, basi.

Na dawa hiyo ndiyo Tris anayoifia. Imefungiwa kwenye chumba kinacholindwa na dawa nyingine, ya mauti. Caleb, kaka yake aliyemsaliti kwenye kitabu cha pili, amejitolea kuingia. Dakika ya mwisho Tris anachukua nafasi yake. Dawa ya mauti inashindwa kumuua. Ndani anamkuta David, mkuu wa idara, yuko kwenye kiti cha magurudumu, ana bastola. Anapigwa risasi, anabonyeza kitufe, anamwona mama yake, basi.

Nimeisoma mara tatu sasa. Kila nikiisoma naona mkono wa mwandishi ukimsogeza David kwenye kile chumba. Kitabu chenyewe kinasema, tena Tris ndiye anayesema, kwamba kujitoa kuwe kwa upendo, na kuwe pale ambapo njia nyingine zote zimeisha. Zilikuwa zimeisha? Mpango wenyewe ulipangwa haraka haraka na vijana waliochoka. Mama yake hakuwa na hata dakika ya kufikiri, hilo lilikuwa wazi. Binti alikuwa na usiku mzima.

Nikamwamsha mdogo wangu. Najua si vizuri, ana shule kesho.

"Ulijua?"

Akajifunika uso kwa shuka. "Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa kusoma, dada."

Akakaa kimya, nikadhani amelala tena. Kumbe anawaza. "Mimi nilimkasirikia Caleb," akasema. "Alikuwa ameshakubali. Kwa nini alimwachia?" Nikamjibu kwa maneno ya kitabu, kwamba Tris aliona kaka yake anakwenda kwa sababu ya hatia, na hakutaka kumtuma mtu akafe ili apate kusamehewa. Nikamwona ananitazama gizani. "Sasa yeye Caleb akaishi vipi baada ya hapo?" Kitabu hakijibu. Mimi pia sikuwa na jibu.

Jumatano, jioni

Leo kutwa nimekuwa nikisoma yaliyoandikwa kitabu kilipotoka, Oktoba 2013. Wasomaji walikasirika kweli, wengine kupita kiasi, wakamtukana mwandishi. Roth alikuwa na miaka 25 tu. Cha kwanza alikiandika akiwa bado chuoni. Siku chache baada ya kitabu kutoka aliandika maelezo marefu, akasema safari yote ya Tris ilikuwa ya kujifunza kujitoa kwa namna ambayo wazazi wake waliijua. Nimeyasoma kwa heshima. Ni maelezo yenye akili, na ningependa ningeyaona ndani ya hadithi bila yeye kuja kuniambia. Kwenye sinema, mdogo wangu ananikumbusha, Tris hajafa: ya tatu, ya 2016, ilichukua sehemu tu ya kitabu, na ya nne iliyokuwa imeahidiwa haikutengenezwa. Yeye anaona ni bora ilivyokuwa. Mimi sioni hivyo. Hadithi iliyokatwa katikati haijamwokoa mtu.

Na niseme ukweli, kuna mahali pa mwisho kabisa ambapo nililia kwa haki. Miaka miwili na nusu imepita. Tobias anayeogopa urefu, ambaye tangu siku ya kwanza tunajua anautetemekea, anapanda juu ya jengo la Hancock na chombo cha majivu ya Tris mkononi. Anafungwa kwenye kamba ya kuteremkia, anaruka. Majivu anayaachia hewani juu ya mji. Hapo sauti ni ya Tobias peke yake, huwezi kuichanganya na ya mtu. Kumbe mwandishi aliweza! Kama aliweza kuandika hivi, kwa nini zile kurasa mia za idara ziwe vile?

Mdogo wangu amekuja sasa hivi kuniomba kitabu. Kuna mwenzake darasani amemaliza cha pili jana, anakingoja kwa hamu, ameshaahidi kukileta Ijumaa. Nimechukua mpira wa kufungia noti, nikazifunga pamoja kurasa zote za mwisho, kuanzia pale jina la Tris linapokoma. Nimemwambia amweleze asiufungue mpaka afike.