Nilivyoipaka rangi pikapu yangu kwa rola, Mbeya

Pikapu yangu ni Toyota Hilux nyeupe ambayo kwa miaka saba imenibebea viazi kutoka Isyonje hadi Mwanjelwa. Mwaka jana rangi yake ilikuwa imepauka kiasi kwamba ukiigusa mkono ulibaki na unga mweupe, na madigadi ya nyuma yalikuwa yameliwa na kutu kutokana na matope yanayojikusanya humo msimu wote wa mvua. Gereji ya kwanza niliyoiuliza ilitaja shilingi 1,300,000. Ya pili ilipunguza kidogo, lakini ilitaka gari likae huko wiki tatu.

Niliamua kuipaka mwenyewe kwa rola. Sina kompresa, hiyo ni sababu moja. Ya pili, ambayo kwangu ilikuwa nzito zaidi, ni kwamba rangi nyingi za magari zinazochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuifanya rangi iwe ngumu, huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu, na barakoa ya kawaida ya vumbi haizuii mvuke wake. Rangi ya mafuta, ile inayopakwa kwenye mageti, haihitaji hadina hiyo, ingawa nayo hutaka mahali penye hewa ya kutosha. Nilibaki na rangi nyeupe, kwanza kwa sababu kadi ya gari hutaja rangi, nami sikutaka safari za kwenda kuibadilisha, na pia kwa sababu nyeupe huficha mawimbi ya rola ambayo rangi nyeusi ingeyaanika.

Kuchagua wakati hapa Mbeya si jambo dogo. Mvua zikiisha mwezi Mei, baridi ya Juni na Julai inaingia, na ikipungua, vumbi na upepo vinachukua zamu hadi mvua zirudi. Nilichagua mwisho wa Juni, kwa hesabu kwamba baridi naweza kuisubiri ipungue kila siku, lakini vumbi likishatua kwenye rangi mbichi halina dawa isipokuwa msasa. Nilifanyia kazi chini ya banda la mabati, nikamwagia sakafu maji kila nilipotaka kuanza, na sikufungua kopo kabla ya saa nne asubuhi, umande ulipokuwa umekauka.

Maandalizi yalichukua siku tisa, na upakaji wenyewe, ukiondoa siku za kusubiri, haukufika nusu ya hizo. Nilioshea gari sabuni ya unga ili kuondoa mafuta, nikang'oa vitasa na taa, nikafunika vioo kwa magazeti na selotepu ya karatasi. Kutu niliikwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 hadi bati likang'aa, fundi wa kuchomelea akaziba matundu mawili kwa shilingi 30,000, kisha nikapaka praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwa sababu bati lililo wazi likilala na ukungu wa hapa huamka limeshaanza wekundu. Sehemu nyingine nilipiga msasa wa maji namba 400.

Nilikosea kwenye boneti. Nilitaka ifunike mara moja, nikapaka nene, kisha nikaisukuma pikapu juani ili ikauke upesi. Jua la saa saba hapa milimani ni kali hata upepo ukiwa wa baridi. Baada ya saa moja rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa. Jirani yangu, mzee aliyepaka nyumba maisha yake yote, aliitazama akatikisa kichwa.

"Mwalimu, juu imeshika, chini bado maji. Ikwangue yote."

"Yote, mzee?"

"Yote. Na hiyo rola ya manyoya kapakie ukuta."

Nilikwangua yote. Safari hii nilinunua rola ndogo za sponji, nikaizimua rangi kwa tapentaini mpaka ikadondoka kutoka kwenye kijiti kwa matone bila kuvuta uzi. Tabaka la kwanza lilikuwa jepesi hata nikadhani nimepoteza siku, maana praima ilionekana wazi. Nilipaka matano, kila moja likikaa siku mbili kivulini, na baada ya kila mawili nikapiga msasa wa maji namba 600. Viputo vya sponji nilivipasua kwa kupitisha rola tupu bila kuikandamiza. La mwisho niliacha wiki tatu, nikalisugua kwa namba 1500 na kupiga polishi.

Matumizi yote, pamoja na kuchomelea na ile rangi iliyopotea kwenye boneti, yalikuwa shilingi 214,000. Ukisimama hatua tatu utaona gari jipya. Ukiinama karibu na mlango wa dereva utaona vijidoti kama vya ganda la chungwa, ambavyo sikuvimaliza kwa kuogopa kufika kwenye praima. Fremu za ndani ya milango sikuzigusa kabisa, kwa hiyo abiria akifungua tu anakutana na ile nyeupe ya zamani.