Tone la Maji Kwenye Kiungio

Aprili 2015 theluji ilikuwa inayeyuka kwenye milima ya Hida, katikati ya Japani, na mlima ulikuwa unavuja. Nilikuwa ndani ya handaki, zaidi ya mita 200 za mwamba kichwani, gambuti miguuni, na kila nilikoelekeza tochi niliona maji. Yalitona kutoka juu, yaliteleza kwenye nailoni zilizotandazwa ukutani, yalikimbia mtaroni kwa sauti ya mto uliofurika. Msimu huo maji yanayotoka kwenye handaki lile huzidi tani 1,000 kwa saa. Nimekulia Nyarugusu, Geita, kwa baba aliyeshuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, miaka mingi, na nyumbani kwetu habari ya maji kuingia mgodini ilisemwa kwa sauti ya chini, kama habari ya msiba. Kila nilipoingia kazini nilijikuta nahesabu hatua za kurudi mlangoni.

Hatukuwa tunachimba dhahabu. Tulikuwa tunajenga KAGRA, kitambuzi cha mawimbi ya mvutano, ile mitikisiko ya anga lenyewe ambayo Einstein aliitabiri mwaka 1916 na ambayo mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa ameinasa. Mahandaki ni mawili, kila moja kilomita 3, yamekutana kwenye kona kama herufi L. Uchimbaji ulianza Mei 2012 ukamalizika Machi 2014. Ndani ya kila handaki limelazwa bomba la chuma kisichoshika kutu, upana wake sentimita 80, limeungwa kwa vipande vya mita 12 kimoja kimoja. Mwanga wa leza husafiri humo hadi kwenye kioo kilichoning'inizwa mwishoni, kisha hurudi. Wimbi likipita, mkono mmoja wa L hurefuka na mwingine hufupika, kwa kipimo kidogo kuliko sehemu ya elfu moja ya upana wa protoni, chembe iliyo ndani ya kiini cha atomu. Ndiyo maana walikwenda chini ya mlima. Kitambuzi kilichotangulia, TAMA300, kilijengwa Mitaka, ndani ya jiji la Tokyo, na jiji halitulii hata usiku. Ndani ya mlima huu, Ikenoyama, ardhi imetulia karibu mara mia zaidi.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nimekwenda kusaidia kundi la kukagua uvujaji. Bomba lile lazima litolewe hewa yote libaki ombwe, maana hewa ikibaki humo mwanga huyumba na kipimo huharibika. Kila kiungio kati ya vipande viwili kina flanji mbili, yaani kingo pana za chuma zinazokabana, duara la bolti, na katikati oringi, pete ya chuma ya kuzibia. Kiungio kimoja kikivuja hata kidogo sana, bomba zima linaumwa.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya subira. Unaunganisha mashine ya kunusa heliamu kwenye pampu, halafu unapita nje ya kiungio ukipuliza gesi hiyo kidogo kidogo. Unaanzia juu, kwa sababu heliamu hupanda. Ukianzia chini, gesi itapanda yenyewe na kukudanganya kuhusu mahali tundu lilipo. Unapuliza, unasubiri, unatazama namba. Namba ikipanda, umepata tundu. Isipopanda, unaandika kwenye karatasi kwamba kiungio ni kizima, unaweka sahihi, unasogea mita 12.

Wiki ile nilikuwa nimeweka sahihi kwenye viungio 11. Halafu kipande chetu kikaanza kutolewa hewa iliyobaki, na kipimo cha shinikizo kikashuka vizuri, kikapunguza mwendo, kikagoma. Kikakaa palepale usiku kucha. Asubuhi msimamizi aliuliza nani alikagua upande ule, nikanyoosha mkono.

Nilirudishwa ndani pamoja na fundi mmoja mzee. Alikuwa amefanya kazi katika mgodi wa Kamioka, ndani ya mlima huohuo, enzi ulipokuwa bado unatoa zinki na risasi. Walisimamisha uchimbaji mwaka 2001, na mwamba aliouzoea kwa ajili ya madini sasa alikuwa anautumikia kwa ajili ya nyota. Tulivaa kofia ngumu, tukachukua vipimo vya oksijeni, tukapanda baiskeli. Handaki limenyooka kabisa, bomba linakimbia pembeni yako bila kwisha, na baridi yake ni ileile kiangazi na kipupwe. Hakusema neno njia nzima.

Kwenye kiungio cha kwanza nilitaka kuanza kupuliza mara moja. Akanizuia kwa mkono. Akavua glavu, akapitisha kidole chini ya flanji, polepole, mzunguko mzima, kisha akanionyesha kidole chini ya taa yake. Kilikuwa kimelowa.

"Juzi ulipopima, palikuwa pakavu?"

Nilinyamaza. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimezoea kulowa kwa kila kitu mle ndani hata nikaacha kuyaona maji.

Akanieleza kwa maneno machache, akijua Kijapani changu hakijakomaa. Tundu tunalolitafuta ni jembamba kuliko unywele. Tone likikaa juu yake, maji huingia humo na kuliziba, na heliamu haipiti. Mashine inakwambia kiungio ni kizima. Lakini huku ndani maji yaleyale yanavutwa na ombwe, yanageuka mvuke kidogo kidogo, na kipimo kinagoma kushuka. Nilichotia sahihi hakikuwa kiungio kizima. Nilitia sahihi tone la maji.

Tukafanya upya. Tulifunga nailoni juu ya kila kiungio kama paa, ili matone yaangukie pembeni. Tukafuta kwa kitambaa, tukapuliza hewa ya moto, tukasubiri. Kusubiri kulikuwa kurefu kuliko kazi. Katikati ya kusubiri mzee alisimama, akachukua spana, akagonga ukuta kwa mpini wake, akainamisha kichwa kusikiliza. Akasogea, akagonga tena. Nilihisi mwili unanisisimka. Baba hufanya vilevile kwa mtarimbo kabla hajakaa mahali popote chini ya ardhi: mwamba mzima unalia, mwamba uliopasuka unajibu kwa sauti iliyokufa. Hakuna aliyemfundisha huyu wa Kamioka kwa Kisukuma, wala baba hajawahi kufika Japani.

Ilikuwa kwenye kiungio cha saba. Nilipuliza juu, kimya. Ubavu wa kushoto, kimya. Nilipofika chini, kwenye bolti mbili zilizokuwa zinapokea matone siku zote, mashine ilianza kulia na namba ikapanda, ikapanda tena. Mzee alinigonga begani mara moja tu. Siku iliyofuata walipokifungua, oringi ilikuwa na mkwaruzo mmoja ambao kwa macho ulionekana pale tu ulipouinamisha kwenye mwanga. Niliandika kwenye ripoti kwamba nilikagua viungio 11 bila kuvikausha, na vyote 11 vilipimwa upya. Hakuna aliyenifokea.

Tulitoka nje karibu saa nne usiku. Kwetu ilikuwa saa kumi jioni, nikampigia baba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamsimulia yote, kuanzia sahihi zangu mpaka kile kidole kilicholowa. Nikamwambia na jambo ambalo watafiti walinifundisha pale, ambalo mpaka leo linanishangaza: maji hayaishii kulowesha. Maji yanayotembea ni uzito unaotembea, na kila uzito huvuta. Mto ule wa mtaroni unaweza kukivuta kioo kilicho karibu nao, na hakuna ukuta wala nailoni inayozuia mvutano.

Baba hakuuliza kuhusu vioo.

"Hayo maji, mwanangu, yanatoka kwa pampu?"

Nikamwambia hapana, handaki lenyewe limelazwa mteremko, mita moja kwa kila mita 300, yanatoka yenyewe.

Akanyamaza. Nilijua anapiga hesabu.

"Kilomita tatu," akasema. "Basi ncha moja iko juu ya nyingine kwa mita kumi."

"Ndiyo, baba."

"Hata umeme ukikatika?"

"Hata umeme ukikatika yanatoka."

Nilisikia akishusha pumzi, kisha akamwita mama aje achukue simu.